Mama Domitille Kisimba, Mtunza Filamu za Musonoi (1957–2025)

Mama Domitille Kisimba alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kabongo, kaskazini mwa Katanga, mtoto wa kwanza wa Tata Ngoy Kisimba na Mama Abigaëlle Mujinga. Alibatizwa akiwa na wiki tatu, kwa haraka, kwa sababu alikuwa mwembamba mno na mama yetu hakuamini kwamba angefika Pasaka. Alifika. Mimi ninayewasomea karatasi hii ni Micheline, mdogo wake anayemfuata, mwalimu mstaafu. Nilimwita Yaya, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, tangu nilipojua kusema, na mtanisamehe nikisahau na kumwita hivyo hapa mbele yenu.

Mwaka 1962 baba alipata kazi mgodini, na familia ikapanda treni kumfuata Kolwezi. Mama alinibeba mgongoni, akamfunga Yaya kiunoni mwake kwa kitenge, maana kila treni iliposimama alitaka kushuka aone kama kuna mzigo wetu uliobaki chini. Alikuwa na miaka mitano. Hofu ya kuacha kitu nyuma alizaliwa nayo.

Alisoma shule ya msingi kwenye cité ya Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi, kuanzia 1963 hadi 1969, kisha akaingia sekondari kwa masista, alikopata diploma ya ualimu mwezi wa Julai 1975. Darasani alijulikana kwa kufunika vitabu. Alikata karatasi ngumu za mifuko ya saruji, akavifunika vyake, vyangu, na vya msichana aliyekaa naye, hata kama huyo msichana hakuomba. Sista mmoja alimwambia angekuwa mwalimu mzuri kama angeweza kuvumilia watoto washike vitabu.

Hakuwa mwalimu. Tarehe 1 Oktoba 1976 aliajiriwa na kampuni ya zamani ya mgodi kama karani wa maktaba katika foyer ya wafanyakazi pale Musonoi, nyumba ya mikutano ambako wengi wenu mlicheza, mliimba na kuoa. Nyuma ya chumba cha vitabu kulikuwa na kabati za chuma ambazo hakuna aliyezifungua kwa miaka. Ndani yake alikuta makopo 412 ya filamu: wafanyakazi wakishuka kazini, watoto wa chekechea, michezo ya mpira, ziara za wakubwa, ngoma za Jumapili. Alikuta pia mikanda 214 ya sauti, yenye kwaya na vipindi vya redio ambamo wazee wetu walihojiwa kwa Kiswahili. Pembeni kulikuwa na sanduku la misalaba ya shaba ya zamani, ile ambayo mababu walitumia kulipa mahari. Hakuna aliyemwagiza kuvitunza. Kwenye barua yake ya kazi kuliandikwa vitabu tu.

Alijifunza peke yake, kwa pua. Filamu ikianza kuoza hunuka siki, na kopo moja likinuka, majirani zake huambukizwa. Kila Jumatatu asubuhi alifungua makopo kumi na mawili, akayanusa moja moja, akayapigisha hewa, akaviringisha filamu upya polepole kwa mkono. Yaliyonuka aliyahamishia chumba kingine, akakiita chumba cha wagonjwa. Alirudi nyumbani akiwa na sura ya mtu aliyetoka kumwona ndugu hospitalini. Mama akimwuliza kuna nini, alijibu, "Tatu zingine zinaanza kunuka."

Ilikuwa pale maktabani alipokutana na Tata Godefroid Tshilombo, fundi wa pampu za mgodini. Godefroid alikuja kuazima kitabu cha mota, na karani akamwonyesha karai la maji: anawe mikono kwanza. Akanawa. Karani akaangalia kucha zake, akamrudisha. Akanawa tena. Mara ya tatu Godefroid alisema, "Sasa mama, mi nilikuya kuomba kitabu ao kuomba ndoa?" Walifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 22 Agosti 1981. Mungu aliwapa Abigaël mwaka 1983, Gradi mwaka 1985, ambaye alikaa nasi miezi minne tu, Sadrack mwaka 1986, na Jessica mwaka 1990. Godefroid alimshonea glavu za kushikia filamu kutoka kwenye shati lake la ndoa. Alimpenda mpaka akayaonea wivu makopo, na alisema hivyo mbele ya watu.

Mwezi wa Oktoba 1991, siku za uporaji, watu waliingia foyer mchana wakabeba viti, milango na hata mabomba. Yaya alikuwa amesimama mbele ya kabati, Jessica mgongoni. Walipomfikia alifungua kopo lililo gonjwa kupita yote, akawasogezea puani. "Sikieni arufu. Hii ni sumu ya panya, inaisha kuharibika. Mutu akiishika, batoto yake banafwa." Wakarudi nyuma. Walichukua meza yake wakaondoka. Jumapili alikwenda kuungama uongo huo, na padri, akijizuia kucheka, alimpa malipizi: aonyeshe filamu moja parokiani, yenye afya.

Foyer ilifungwa mwezi wa Juni 2004. Jengo lilipata mwenye mali mpya, na Yaya akaambiwa avichome vilivyomo. Hakubishana. Kwa siku tisa yeye na Godefroid walivisukuma vyote kwa mkokoteni mpaka nyumbani kwao Kasulo, vyumba vitatu vya matofali. Walilala chumba kimoja na watoto. Vingine viwili vikawa maktaba, na yeyote aliyenawa mikono aliruhusiwa kuingia. Godefroid alifariki hapo mwaka 2009, kwa ugonjwa wa ini, na kutoka siku hiyo Yaya alikuwa na wasiwasi ambao sisi ndugu tuliuona lakini hatukuweza kuutuliza: akifa yeye, nani atanusa makopo?

Ndugu, sasa nafika kwenye mwaka 2014, na nimeomba ruhusa kwa Sadrack niueleze. Amenijibu, "Soma yote, mama mudogo."

Mnajua ilivyokuwa Kasulo mwaka ule. Mtu alichimba choo akakuta mawe yenye kobalti, na baada ya wiki chache kila nyumba ilikuwa na shimo ndani. Yaya alikataa kuchimba lupango lake, kile kiwanja chenye nyumba. Lakini mwishoni mwa Novemba, saa tisa alasiri, akiwa ameketi chini anabandika mgongo wa kitabu, aliona maji yanatetemeka kwenye kikombe. Akaweka sikio kwenye sementi. Akasikia sururu.

Kesho yake alikwenda kwa jirani, Tata Mbayo, aliyekuwa na shimo katikati ya chumba cha kulia.

"Tata Mbayo, munapita chini ya nyumba yangu?"

"Mama Domi, ile njia ya mawe haijue lupango ya mutu. Inaenda kwenye inaenda."

"Kule juu kuna bitu bya watu bote. Kuna sauti ya baba yako mule."

Mbayo akasema, "Uliza mutoto yako."

Sadrack alikuwa na miaka ishirini na minane, ana mke na mtoto mmoja, na kazi nyingine hakuwa nayo. Mchana huo alikuja kula kwa mama yake, nywele zikiwa nyekundu kwa vumbi.

"Sadrack, leo ulichimba wapi?"

"Kwa Tata Mbayo, mama."

"Minakuuliza wapi. Siulize kwa nani."

Akaweka kijiko chini. "Chini ya chumba ya mikanda. Tunaisha kupita kizingiti."

"Kwenda chini, meta ngapi?"

"Kumi na moja. Lakini udongo iko teketeke, na mvua inaanza. Mi niliwaambia tuache. Benzangu banakatala."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Juu ungekatala kutoka, mama. Ungefwa na mafilme yako."

Yaya hakumpiga wala hakulia. Alinitumia ujumbe kwa mwendesha pikipiki: nije, na nije na mifuko. Alikwenda kwa mkuu wa mtaa, kwa paroko, kwa kila mwenye chumba kikavu. Paroko alikubali kumpa ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, na kwaya ikaahidi kusaidia baada ya misa ya Jumapili. Zilikuwa zimebaki siku nne. Kwa siku zile nne mvua ilinyesha kila alasiri, na kila asubuhi alipima ufa wa ukutani kwa kidole: ulikuwa wa kucha, ukawa wa kidole, ukawa wa vidole viwili.

Jumapili tarehe 7 Desemba, saa nne asubuhi, tulijipanga mstari kutoka chumbani mpaka barabarani, wanakwaya na majirani, tukapokezana makopo. Yaya alisimama ndani, yeye ndiye aliyetoa. Filamu kwanza, kisha misalaba, kisha vitabu, mikanda mwisho. Hatukuimba. Kila mtu alikuwa anasikiliza ardhi.

Sadrack hakuwa kwenye mstari. Nilidhani aibu imemzuia. Yalikuwa yamebaki makabati mawili ya mikanda, na tulikuwa tumekwisha kumaliza moja, sementi ilipopasuka kutoka mlangoni hadi dirishani kwa mlio kama wa kuni kavu. Jessica alipiga kelele: "Mama! Sadrack iko chini!"

Alikuwa amerudi shimoni na rafiki yake Glodi, tangu alfajiri, wanakaza miti chini ya chumba ili dari ya tuneli ibebe mpaka tumalize. Alimwambia Jessica tu, na akamwapisha asiseme.

Yaya alikuwa na kisanduku cha mikanda kifuani. Alikiweka chini, pale pale kwenye ufa, akatoka mbio bila viatu mpaka kwa Mbayo. Nilimfuata. Alipiga magoti ukingoni mwa shimo akaita kwa sauti ambayo sijaisikia tena.

"Sadrack! Toka!"

Akajibu kutoka mbali: "Mama, binabakia bingapi?"

"Hakuna! Tunaisha kumaliza byote! Toka!"

"Kweli?"

"Kweli, mutoto yangu. Chumba iko bule. Toka na Glodi, sasa!"

Glodi alitangulia, kisha Sadrack, mikono inavuja damu. Mama yake alimshika shati akamvuta mpaka barabarani, akaendelea kulishika hata alipokuwa amesimama salama. Haikupita robo saa, chumba kikaingia ardhini na kabati lake, ukuta wa nyuma ukafuata. Hakuna mtu aliyekufa. Mikanda themanini na mitatu ilikwenda. Sadrack alipoona kabati likizama alielewa kwamba amedanganywa, akamgeukia. Yaya alimwambia, "Nyamaza. Mi najua kuhesabu."

Mimi sikujua mule kulikuwa na nini. Niliambiwa miaka minane baadaye: katika ile mikanda themanini na mitatu ulikuwepo ule uliorekodiwa mwaka 1968, baba yetu akieleza safari ya treni kutoka Kabongo. Ndiyo sauti yake pekee iliyokuwa imebaki duniani. Yaya aliusikiliza kila mwaka siku ya kifo cha baba, peke yake, na alikuwa akisubiri kunifanyia nakala. Kisanduku alichokiweka chini siku ile ndicho kilichokuwa nao. Niliuliza kama anajuta. Alinitazama kana kwamba nimezeeka kabla yake.

Sadrack hakushuka shimoni tena. Aliendesha pikipiki ya abiria, na mwaka 2019, Yaya alipompata Tata Philippe, fundi wa Lubumbashi mwenye mashine ya kunakili filamu kwenye kompyuta, Sadrack ndiye aliyezisafirisha. Kila mwezi alipanda basi na makopo sita. Hakuyaweka kwenye buti kwa sababu ya joto. Aliyabeba magotini njia nzima, na abiria walipolalamika juu ya harufu aliwaambia ni chakula cha mama.

Tarehe 20 Agosti 2022 picha za kwanza zilionyeshwa ukumbini. Wengi mlikuwepo. Mama Odile wa barabara ya pili alijiona akiwa na miaka sita, kwenye foleni ya maziwa, akasimama akalia, "Njo mi! Njo mi, na huyu ni dada yangu!" Dada yake alikufa mwaka ule ule filamu ilipopigwa. Siku hiyo pia kijana mmoja alisema wazi kwamba hizi ni filamu za wazungu, zilizopigwa ili tuonekane wenye furaha. Yaya hakumkatalia. "Iko kweli. Maneno ya muzungu, yakatale. Lakini ile uso ni ya nkambo yako, muzazi ya baba yako, usiikatale." Baada ya pale alianza kuzunguka kwa wazee na picha, akiuliza huyu ni nani, yule ni nani, na kuandika majina kwenye daftari. Alikimbizana na wakati. Mara mbili alifika kwenye nyumba akakuta kilio kimeanza, na aliyejua majina ndiye aliyelala ndani.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2021. Mwezi wa Mei 2023 madaktari waliona kwamba mapafu yake yamekuwa magumu, vumbi la miaka mingi, na kwamba hayatalainika. Alikataa kulazwa mpaka Novemba 2024, mvua zilipoanza, na hata kitandani, bomba la hewa puani, alikuwa ukumbini kwa mawazo. Bati la ule ukumbi lilikuwa limechoka. Barua tatu za kuomba chumba kingine zilikuwa zimeandikwa, hakuna iliyojibiwa. Daktari kijana alimwuliza kwa upole kama anaogopa. "Ndiyo, docteur. Naogopa mvua."

Kila nilipoingia swali lilikuwa moja.

"Micheline, inavuja?"

"Haivuji, Yaya."

"Uliingia ndani ao ulichungulia kwa mulango?"

Wakati mwingine nilikuwa nimechungulia tu. Alijua. Nilirudi nikaingia.

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi. Abigaël alikuwa akimsomea daftari la majina, kwa sababu ndilo lililomtuliza kuliko rozari. Alifika kwenye picha ya mafundi watano mbele ya pampu. Yaya alifumbua macho akasema, "Wa tatu si huyo. Ni ndugu yake." Abigaël alichukua kalamu asahihishe. Alipoinua kichwa, mama yake alikuwa ameondoka.

Sasa lazima niwaombe radhi wale mliokuja kilioni Jumamosi kutoka mbali, kutoka Kamina na Likasi, mkalowa. Mnastahili kujua ni kwa nini. Saa kumi alasiri, dhoruba ilipoanza, mlinzi wa parokia alikuja akikimbia: bati mbili za ukumbi zimeng'oka. Abigaël ndiye aliyesimama kwanza. Yeye aliyesema miaka yote kwamba makopo yamemnyima mama. Alitazama turubai kubwa lililotufunika sisi waombolezaji, akamwuliza Sadrack, "Tuko na ingine?" Hakukuwa na nyingine. Wakakata kamba. Wajukuu, wanakwaya, Tata Mbayo kwa umri wake, walilibeba turubai juu ya vichwa vyao mpaka ukumbini wakalivuta juu ya makabati, wakalishika pembe kwa mikono, saa nzima na nusu, mpaka mvua ikapita. Wamama wengine tulibaki tumeketi palepale mahali pa kilio, chini ya maji, na hakuna aliyeondoka.

Makopo 267 yamekwisha kunakiliwa. Thelathini na manane yameganda kama jiwe na hayatafunguka tena. Yanayosubiri ni mia moja na saba, na jana asubuhi niliyanusa yote, nikaingia ndani, sikuchungulia. Manne yameanza. Bati zimepigiliwa misumari, lakini Februari haijaisha, na Machi iko mbele yetu. Nawaambia haya kaburini kwake kwa sababu hapa ndipo mmekusanyika wengi, na kwa sababu yeye angewaambia.

Mama Domitille ametanguliwa na mume wake Tata Godefroid na mtoto wao Gradi. Ameacha watoto watatu, Abigaël, Sadrack na Jessica, wajukuu tisa, mimi mdogo wake, na wote ambao nyuso za wazazi wao bado zinaonekana kwa sababu yake.

Nenda, Yaya. Mungu akulaze mahali pasipovuja.